Meli Haingoji: Kupanga Hoteli na Maegesho Kabla ya Safari ya Kwanza ya Familia

Familia inayokata tiketi ya meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huweza kumaliza miezi ikibishana kuhusu chumba cha melini: kiwe na dirisha, kiwe na roshani, au kile cha ndani kisichoona jua? Usiku wa kabla ya safari na mahali pa kuacha gari husubiri hadi wiki ya mwisho. Ningeugeuza mpangilio huo. Chumba kibaya melini mtakizoea siku ya pili, lakini mkifika bandarini geti limeshafungwa hakuna cha kuzoea. Ndege ikikuacha, kesho kuna nyingine. Meli ikikuacha, imeondoka na kitanda chako, chakula chako na wiki nzima uliyoilipia.

Mambo mawili ndiyo yanayobeba mwongozo huu. Kwanza, anzia saa ambayo geti la abiria hufungwa, kisha hesabu kurudi nyuma hadi mlango wa nyumba yako. Pili, hoteli na maegesho ni uamuzi mmoja. Ukichagua hoteli leo na maegesho mwezi ujao, utajikuta umelala upande mmoja wa mji na gari liko upande wa pili, au unalipia basi ambalo hukulihitaji.

Hatua ya 1: Jua jengo la abiria, usiishie kwenye jina la mji

Matangazo ya safari za meli hupenda majina makubwa. Safari "kutoka Roma" huanzia Civitavecchia, bandari iliyo zaidi ya kilomita 60 nje ya mji. "Kutoka London" mara nyingi humaanisha Southampton, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Anayeambiwa Orlando atapandia Port Canaveral, karibu saa moja kwa gari kutoka Orlando yenyewe. Ukiweka hoteli katikati ya mji mashuhuri ukidhani umesogea karibu na meli, asubuhi ya safari bado una safari nyingine ya nchi kavu, tena na watoto wenye usingizi.

Hata ukishaujua mji sahihi, kazi haijaisha. Kusini mwa Florida kuna PortMiami na kuna Port Everglades ya Fort Lauderdale. Ni bandari mbili tofauti, na barabara kati yake ikijaa magari hula zaidi ya saa moja. Southampton ina majengo matano ya abiria wa meli za kitalii, yaliyogawanyika kati ya gati za mashariki na za magharibi, na milango ya kuingilia bandarini haifanani. Barcelona nayo huweka meli nyingi kubwa kwenye gati la Adossat, ambalo kwa ramani linaonekana karibu na mji. Jaribu kulifikia kwa miguu na masanduku mawili na mtoto mgongoni, utaelewa kwa nini kuna basi.

Kwa hiyo tafuta vitu vitatu kwenye karatasi za safari au kwenye akaunti yako ya kampuni ya meli: jina la bandari, jina au namba ya jengo la abiria, na anwani ya kuingiza kwenye ramani ya simu. Viandike mahali pamoja. Kisha virudie kuvikagua wiki ya safari, kwa sababu kampuni huweza kuhamisha meli kutoka jengo moja hadi lingine na kukutumia barua pepe ambayo hutaiona ikiwa huifungui.

Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma kutoka getini

Tuseme meli inang'oa nanga saa kumi jioni, yaani 16:00 kwenye tiketi. Saa hiyo isahau. Inayokuhusu ni saa ya mwisho ya kujiandikisha, ambayo kwa kawaida huwa dakika 60 hadi 90 kabla. Kuna sababu ya ukali huo: orodha kamili ya abiria lazima iwasilishwe kwa mamlaka kabla ya meli kuondoka, na Marekani, kwa mfano, inataka orodha hiyo dakika 60 kabla. Ikishatumwa, hata kama meli bado imefungwa kamba gatini na unawaona watu wakikupungia mkono kutoka juu, jina lako halimo. Zaidi ya hapo kuna mazoezi ya dharura. Tangu ajali ya meli ya kitalii ya Costa Concordia ya Januari 2012, kanuni za kimataifa zilibanwa: abiria wapya wafanyishwe mazoezi hayo kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Nahodha hana nafasi ya kumsubiri aliyekwama kwenye foleni ya maegesho.

Na usijifariji kwamba mtaifuata meli kwenye bandari inayofuata. Wakati mwingine inawezekana, kwa gharama yenu na mkiwa na hati za kuingia nchi hiyo. Wakati mwingine sheria yenyewe inakataa. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo hadi nyingine, na meli kubwa za kitalii karibu zote zina bendera za kigeni. Familia iliyoachwa bandari moja inaweza kukataliwa kupandia bandari ya pili humo humo nchini.

Sasa hesabu. Chukua familia ya watu sita: wazazi wawili, watoto watatu na bibi yao. Kampuni imewapa nafasi ya kuingia saa sita na nusu mchana (karibu kampuni zote siku hizi hugawa nafasi za kuingia, na aliyejiandikisha mapema mtandaoni ndiye anayechagua). Kufika saa sita nje ya jengo la abiria kunatosha kukabidhi masanduku na kupanga foleni ya ukaguzi. Ikiwa gari litaachwa maegesho ya nje ya bandari, kuna kusubiri basi, kupakia mizigo na safari yenyewe. Wape saa nzima, kwa hiyo saa tano wawe wameshaegesha. Nyumbani ni mwendo wa saa nne, lakini watoto watatu na bibi hawasafiri saa nne bila kusimama. Ziite saa tano. Wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi, maana yake wanaamka saa kumi alfajiri. Na pamoja na yote hayo, akiba yao ya muda hadi geti lifungwe ni kama saa mbili. Tairi moja na ajali moja ya wenzao barabarani, imekwisha.

Ukimaliza hesabu yako mwenyewe utajua kama unahitaji hoteli. Kipimo changu ni hiki: mwendo wa saa mbili au chini yake, laleni nyumbani kwenu. Kati ya mbili na tatu, amua kwa kuangalia umri wa watoto na msimu. Ukungu na barafu havipangwi. Zaidi ya saa tatu, laleni karibu na bandari. Na kama kuna ndege njiani, fikeni siku moja kabla, hapo sina mjadala. Ndege ya asubuhi ya siku ya meli ni kamari, na anayeikata ili kuokoa pesa ya usiku mmoja anaweka rehani wiki nzima. Ukivuka bara zima, au ukiunganisha ndege mbili, fikiria siku mbili: masanduku yaliyochelewa yapate muda wa kuwafikia.

Hatua ya 3: Chagua njia ya gari kwanza, hoteli itafuata

Watu wengi huanza na hoteli. Anza na gari, kwa sababu majibu ya gari ndiyo yanayoamua ulale wapi.

Maegesho ya bandari yenyewe ndiyo mepesi kuliko yote. Unaegesha hatua chache kutoka jengo la abiria, hakuna basi, na siku ya kurudi unatoka na masanduku moja kwa moja hadi garini. Huwa ghali, na si kila bandari ina nafasi ya kutosha, hasa siku ambazo meli tatu au nne huondoka pamoja. Kwa familia yenye mtoto mchanga au mzee asiyeweza kupanda na kushuka basi, ningelipa tofauti hiyo bila kujiuliza. Ukichagua njia hii, hoteli inaweza kuwa popote ndani ya nusu saa ya bandari, kwani mna gari lenu asubuhi.

Maegesho ya nje ya bandari hukaa mitaa ya karibu na kukupeleka kwa basi dogo. Bei huwa nafuu, lakini soma namna bei inavyotajwa: wengine hutoza gari kwa siku kisha hutoza kila abiria kwa kupanda basi. Familia ya watu sita ikilipia vichwa sita kwenda na vichwa sita kurudi, ule unafuu unaweza kuyeyuka wote.

Kuna kifurushi cha hoteli: mnalala usiku mmoja, gari linabaki pale siku zote za safari, na basi la hoteli linawapeleka bandarini. Kwa familia nyingi za mara ya kwanza hiki ndicho kinachofaa zaidi, na ndicho chenye mitego mingi zaidi. Nitakirudia hapo chini.

Miji mingine, Southampton ikiwemo, ina huduma ya kukabidhi gari: unafika mlangoni mwa jengo la abiria, dereva wa kampuni anachukua ufunguo na kwenda kuliegesha mahali kwingine, siku ya kurudi analirudisha. Raha tupu, mradi ujue ni nani unayempa ufunguo. Piga picha za gari pande zote nne na picha ya kilomita kwenye dashibodi mbele ya dereva huyo, na upate risiti yenye jina la kampuni kabla hajaondoka. Mtu asiyekuwa na karatasi wala sare usimwachie gari hata akikutajia jina lako.

Njia ya mwisho ni kutokwenda na gari lenu kabisa. Treni, teksi, ndugu wa kuwapeleka, au gari la kukodi mnalorudisha kwenye ofisi ya mji wa bandari. Fanya hesabu hii hata kama hupendi wazo lenyewe. Safari ikiwa ya siku 14, bei ya maegesho inaweza kuzidi gari la kukodi la kwenda na lingine la kurudi. Angalia tu kwamba ofisi hiyo inafunguliwa Jumamosi na Jumapili, na kwamba ina namna ya kuwafikisha gatini baada ya kurudisha gari.

Hatua ya 4: Hesabu siku za maegesho kwa vidole

Hapa ndipo bajeti huvuja. Safari ya "usiku saba" si siku saba za maegesho. Familia yetu inalala hotelini Ijumaa, meli inaondoka Jumamosi na kurudi Jumamosi inayofuata. Ukihesabu kwa kalenda, kuanzia Ijumaa hadi Jumamosi ya pili, ni siku tisa. Ukihesabu kwa vipindi vya saa 24, tangu Ijumaa saa tisa alasiri hadi Jumamosi saa nne asubuhi, ni vipindi nane. Maegesho mengine hutumia hesabu ya kwanza, mengine ya pili. Uliza moja kwa moja: "Mnatoza kwa siku ya kalenda au kwa saa 24?" Kisha uliza kinachotokea meli ikichelewa kurudi kwa siku moja kwa sababu ya dhoruba.

Kabla ya kulipa, pima urefu wa gari. Majengo ya maegesho ya ghorofa huwa na kikomo cha urefu, mara nyingi karibu mita 2, na familia iliyofunga sanduku la mizigo juu ya paa huligundua hilo ikiwa mbele ya kizuizi, na foleni nyuma yao inapiga honi. Gari la umeme nalo lina mambo yake: usitegemee kuliacha kwenye chaja wiki nzima. Fika likiwa na chaji ya kutosha kuwarudisha angalau hadi kituo cha kuchajia, na uzime kamera na vifaa vinavyofanya kazi gari likiwa limesimama, kwa kuwa hunyonya betri kimyakimya. Gari la petroli lenye betri kuukuu linahitaji uangalizi uleule. Betri inayosuasua kabla ya safari haitapona kwa kukaa siku tisa.

Weka nafasi mapema, na uchague bei inayoruhusu kughairi. Bandari zenye shughuli nyingi hujaza maegesho, na hakuna kinachochosha kama kuzunguka na gari lililojaa masanduku ukitafuta kibao cha "nafasi ipo".

Hatua ya 5: Hoteli, na maswali ya kuuliza kwa simu

Ukishajua gari litakaa wapi, orodha ya hoteli inajipunguza yenyewe. Sasa kagua mambo ya familia.

Idadi ya watu chumbani ndiyo ya kwanza. Hoteli nyingi huruhusu watu wanne kwa chumba, na mtoto mchanga naye huweza kuhesabiwa. Kuingiza watano kwenye chumba cha wanne kwa kunyamaza ni kujitafutia aibu mapokezi. Mkiwa zaidi ya wanne, omba vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha. Angalizo: kuna vyumba "vinavyopakana", ambavyo ni jirani tu, kila kimoja na mlango wake wa nje, na kuna "vilivyounganishwa". Ukiweka nafasi mtandaoni, ombi la kuunganishwa mara nyingi huandikwa kama matakwa, wala si ahadi. Piga simu hoteli yenyewe ili walithibitishe, na upate jina la uliyezungumza naye.

Kuhusu basi la hoteli, simu moja ya dakika tano inaweza kuwaokoa. Mazungumzo yawe ya namna hii:

"Habari za kazi, dada. Nimeweka chumba kwenu Ijumaa, na Jumamosi tunapanda meli. Basi lenu linafika bandarini?"
"Ndiyo, linafika."
"Linaondoka saa ngapi?"
"Saa nne, saa tano na saa sita."
"Tuko sita, na masanduku sita. Nafasi zetu naziandikisha lini?"
"Mtaandika majina mapokezi mkifika."
"Na kurudi? Siku tunayoshuka melini basi litatufuata?"

Swali hilo la mwisho ndilo hukata mazungumzo. Kuna hoteli zenye basi la kwenda tu. Kuna ambazo gari lako halibaki kwenye uwanja wao bali huhamishiwa kwa mtu mwingine. Kuna ambazo basi ni la bure hadi uwanja wa ndege lakini bandari hulipiwa. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo, mradi ulijue kabla. Omba walichokuahidi wakutumie kwa barua pepe. Mfanyakazi wa zamu ya Jumamosi asubuhi si yule aliyepokea simu yako.

Ukifika Ijumaa, kabla hata ya kupandisha masanduku, andika majina ya familia kwenye karatasi ya basi. Mabasi ya katikati ya asubuhi ndiyo hujaa kwanza. Kama mna mtoto wa kukaa kiti maalumu, uliza kama basi lina mikanda ya kufungia kiti hicho. Jibu likiwa hapana, agizeni teksi kubwa mapema, na mtaje idadi ya masanduku pamoja na ya watu, kwa kuwa gari la watu sita lenye nafasi ya masanduku sita si gari la kawaida.

Mengine ni madogo ila yana uzito wake. Kifungua kinywa kianze mapema. Muda wa kuachia chumba uwe saa tano au saa sita, ili msikae nje na mizigo mkingoja nafasi yenu ya kuingia melini. Jokofu kama kuna dawa ya kuhifadhiwa kwenye baridi. Hoteli ya uwanja wa ndege huwa na usingizi wa kutosha kwa anayefika usiku. Ya karibu na bandari inafaa aliyekuja na gari. Dirisha linaloiona meli likiwa gatini asubuhi ni zuri kwa watoto, sikatai, lakini mara nyingi hulipiwa zaidi, na mtaiona hiyo meli wiki nzima.

Bei ya kughairi bila kupoteza pesa ina thamani kuliko punguzo dogo la kulipa papo hapo. Ratiba za meli hubadilika, na mtoto huugua bila taarifa. Bima ya safari mnayonunua nayo isomeni sehemu ya kukosa chombo: si kila bima hulipa anayekosa meli kwa sababu ya foleni barabarani, na zile zinazolipa huuliza kama ulijipa muda wa kutosha.

Hatua ya 6: Hati, hasa kwa mnaolala nchi ya kigeni

Fupi, ila iko moja ambayo wengi huikosa. Usiku wa hotelini kabla ya meli unamaanisha mnaingia nchi hiyo. Kisha meli inatoka nchini na kuwarudisha. Huko ni kuingia mara mbili, kwa hiyo anayehitaji visa aangalie kama yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na kama tarehe zake zinafunika usiku wa kabla na wa baada. Majina kwenye tiketi ya meli yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na bibi yake tu, awe na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Na mwenye mtoto mchanga aulize umri wa chini: kampuni nyingi hazichukui mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa baadhi ya safari ndefu za bahari kuu hutaka awe ametimiza miezi 12.

Hatua ya 7: Usiku wa hotelini

Kazi ya usiku huu ni kupanga upya mizigo. Masanduku makubwa mtayakabidhi kwa wapagazi nje ya jengo la abiria na hamtayaona tena hadi yafikishwe mlangoni mwa chumba, pengine jioni kabisa. Yafungeni lebo za meli hapa hotelini, zikiwa zimechapishwa kutoka nyumbani. Usitegemee printa ya mapokezi.

Mfuko wa mkononi ubebe pasipoti, pasi za kupandia, dawa zote, chaja, miwani, nguo za kuogelea za watoto na nguo moja ya kubadili kwa kila mtu. Watoto watataka bwawa dakika watakayoliona, wakati masanduku bado yako chini gatini. Ufunguo wa gari nao ukae humo humo, mfuko wenye zipu, na ufunguo wa akiba abaki nao mzazi wa pili. Kama mna nguo za kunyoosha, nyoosheni sasa: meli nyingi haziruhusu pasi za umeme vyumbani.

Piga picha za skrini za kila kitu: vocha ya maegesho, anwani ya jengo la abiria, namba ya simu ya basi. Mtandao wa bandarini huzidiwa watu elfu kadhaa wakiutumia kwa pamoja.

Hatua ya 8: Asubuhi ya kupanda

Wenye gari na nafasi kwenye maegesho ya bandari wafanye hivi: kwanza nendeni wote hadi mahali pa kushushia abiria. Familia ishuke, masanduku yakabidhiwe wapagazi, mzazi mmoja abaki na watoto. Mwingine aende kuegesha peke yake na kurudi kwa miguu na mfuko mmoja. Kuvuta masanduku sita kutoka ghorofa ya nne ya maegesho ni adhabu ambayo hamkuhukumiwa. Pasipoti za watoto zibaki na mzazi aliye nao; simu nazo ziwe mbili zenye chaji.

Anayeegesha apige picha ya namba ya ghorofa, safu na nguzo, kisha aitume kwa mwenzake papo hapo. Asiache chochote cha thamani kinachoonekana kwenye kiti.

Hatua ya 9: Siku ya kurudi, ambayo iliamuliwa siku mlipoegesha

Meli hufika alfajiri na vyumba huachiwa mapema, kwa kawaida kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Hiyo haimaanishi mtakuwa barabarani saa tatu. Kuna foleni ya kushuka, ukumbi wa masanduku, uhamiaji na forodha. Mwenye ndege asikate ya kabla ya saa sita mchana, na kama uwanja uko mbali na bandari aisogeze hadi alasiri.

Wanaorudi kwa basi la maegesho wajue mahali linaposimama kabla ya kupanda meli, kwani mara nyingi si pale liliposhusha. Simu ya kuliita ipigwe masanduku yakiwa mkononi; basi linaloitwa mapema huja, halimkuti mtu, na kuondoka.

Kuna pia uwezekano wa meli kurudi bandari nyingine. Si jambo la kila siku, ila hutokea. Daraja la Francis Scott Key la Baltimore, Marekani, lilipoanguka tarehe 26 Machi 2024 na kuziba mkondo wa bandari, meli ya Carnival Legend ilikuwa safarini. Ilirudi Norfolk, na abiria ambao magari yao yalikuwa Baltimore wakapelekwa huko kwa mabasi ya kampuni. Ikiwakuta, msikimbilie kukodi teksi. Sikilizeni tangazo la meli kwanza, kwa kuwa kwa kawaida kampuni ndiyo hupanga usafiri wa kurudi bandari ya mwanzo. Wapigieni maegesho mkiwa bado na mtandao, muwaambie gari litachelewa kuchukuliwa, na muombe jibu kwa maandishi.

Mkifikia gari, lizungukeni mara moja kabla ya kupakia: tairi, vioo, mikwaruzo. Kama liliegeshwa na dereva wa kampuni, linganisha kilomita na picha ya siku ya kwanza. Malalamiko yatolewe hapo hapo kabla hamjatoka getini, huku mhudumu akiona. Ukishalitoa nje, kampuni itasema mkwaruzo umeupata barabarani.